Kikundi cha Ukoo: Namba Iliyogongwa kwenye Boti ya Babu

Baba Mdogo (Ujiji): Assalaam alaykum, wanangu na wakubwa zangu. Fundi ataanza kuikwangua boti ya marehemu Babu keshokutwa, na kabla hajaigusa kwa msasa ningependa tujue ilijengwa wapi na lini. Nimewatumia picha ya bamba la injini, ambalo namba yake inasomeka vizuri.

Idi (Mwanga): Waalaykum salaam, shikamoo Baba Mdogo. Injini hiyo ya dizeli ilifungwa baadaye, kwa hiyo namba yake itatupa habari za injini peke yake. Ile iliyopakwa rangi ubavuni, karibu na omo, ni ya usajili wa hapa nchini, nayo pia haikutoka kwa mjenzi. Tafadhali tafuta namba iliyogongwa kwenye mbao zenyewe, hasa upande wa chini wa kifuniko cha injini, mahali ambapo jua na vanishi mpya havikufika.

Mjomba (Kibirizi): Mimi niliambiwa na wazee kwamba boti hii ilikuja na Waingereza wakati wa vita vya Wajerumani.

Idi (Mwanga): Shikamoo Mjomba. Boti mbili za mbao zilizoletwa na Waingereza mwaka 1915, zilizoitwa “Mimi” na “Toutou”, zilijengwa Uingereza na kampuni ya Thornycroft, zikasafirishwa kutoka Cape Town kwa reli na kuvutwa milimani upande wa Kongo hadi kwenye ziwa letu la Tanganyika, na tarehe 26 Desemba mwaka huohuo ziliiteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Hata hivyo, kila moja ilikuwa na urefu wa futi 40. Naomba Baba Mdogo aipime yetu, kwa maana urefu huondoa dhana nyingi hata kabla ya namba kupatikana.

Shangazi (Katonga): Nakumbuka Babu akisema kwamba aliinunua kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao, na kwamba ilifika hapa kwa treni kutoka Dar es Salaam. Fundi naye amesema mbao zake si mninga wala mvule, na misumari ya parafujo imetengenezwa kwa madini ya jamii ya shaba, jambo ambalo hajaliona katika boti zinazojengwa hapa Kigoma.

Baba Mdogo (Ujiji): Nimeipima kutoka omo hadi tezi, nayo ni mita 6.7. Chini ya kifuniko nimeona herufi U, kistari, 22, kistari kingine, kisha tarakimu nne, ambazo ya tatu imeliwa na unyevu, hivyo inaweza kuwa 3 au 8.

Idi (Mwanga): Alhamdulillahi, hilo ni jambo kubwa. Mita 6.7 ni futi 22, na mtindo huo wa kuandika ni wa Chris-Craft, kiwanda kilichoanzishwa na Christopher Columbus Smith huko Algonac, katika jimbo la Michigan, Marekani. Herufi za mwanzo zilionyesha aina ya boti, namba iliyofuata ilionyesha urefu kwa futi, na tarakimu za mwisho zilionyesha ni ya ngapi katika aina hiyo. U-22 ni boti ya wazi ya matumizi mengi ya futi 22, iliyouzwa kwa jina la Sportsman baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mjomba, hadithi ya wazee ni ya kweli kuhusu ziwa, lakini boti hii ni ya kizazi kingine.

Zuhura (Dodoma): Shikamooni nyote. Nimejaribu kuiingiza kwenye tovuti moja ya kutafuta namba za boti, nayo imeikataa kwa sababu inadai herufi na tarakimu 12.

Idi (Mwanga): Utaratibu wa alama 12 ulianza Marekani tarehe 1 Novemba 1972, dada yangu, na boti kama hii ni ya zamani kuliko hapo, kwa hiyo tovuti za namna hiyo hazitatufaa. Kadi za kiwanda zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Mariners' Museum, mjini Newport News, Virginia. Kadi hupangwa kwa namba ya boti, na huandikwa injini iliyotoka nayo kiwandani pamoja na mahali ilikopelekwa mara ya kwanza. Ndiyo maana tarakimu moja tu ikikosewa tutaletewa kadi ya boti ya watu wengine, nasi tutaamini historia isiyo yetu.

Mjomba (Kibirizi): Basi fundi apitishe msasa mwembamba kidogo, herufi zitokeze.

Idi (Mwanga): Hapana, Mjomba, nakusihi. Alama iliyogongwa ina kina kidogo sana katika ubao, na msasa utakula kingo zake kwanza. Baba Mdogo aweke karatasi nyembamba juu yake na kuisugua kwa ubavu wa penseli, kisha jioni apige picha huku tochi ikimulika kutoka pembeni ili vivuli viingie kwenye mashimo. Kiwandani namba iligongwa kwenye vipande vinavyobanduka ili visichanganyike na vya boti nyingine, kwa hiyo avigeuze vyote.

Baba Mdogo (Ujiji): Nimegeuza kifuniko cha nyuma, na namba ipo tena, safi kabisa. Ya tatu ni 8. Picha mbili na karatasi ya penseli nimezituma.

Shangazi (Katonga): Zuhura, andika barua kwa jumba hilo la makumbusho leo, uulize ada ya nakala ya kadi, nami nitailipa. Baba Mdogo, viondoe vifuniko vyote viwili uviweke ndani ya nyumba, na umwambie fundi aanze na kukalafati sehemu ya chini, asubiri kadi kabla ya kuchagua rangi.

Baba Mdogo (Ujiji): Nimekwisha kumwambia, naye amekubali. Vifuniko viko chumbani.