Boti ya mbao iliyohudumia Likoma: historia yake itafutwe wapi?

Mkazi wa Matema
Ndugu zangu wa Kyela, Ludewa na Nyasa, naomba msaada. Nyuma ya nyumba yetu hapa Matema imelala boti ya mbao ya mashine, ambayo marehemu babu aliinunua ikiwa tayari kuukuu. Wazee wanasema kwamba kabla ya kuletwa huku kaskazini ilikuwa ikivusha watu na mizigo katika Ziwa Nyasa, kati ya kisiwa cha Likoma na mwambao wetu wa kusini, na wengine wanasisitiza kuwa ilikuwa ya misheni tangu enzi za Mjerumani. Jina limefutika, zimebaki herufi mbili za buluu upande wa omo, yaani mbele. Ningependa kuandika historia yake kabla mbao hazijaishia jikoni. Nianzie wapi?

Mzaliwa wa Liuli, sasa Mbeya
Ndugu mleta mada, hilo la enzi za Mjerumani lipokee kwa tahadhari. Wamisheni wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, waliweka makao Likoma katika miaka ya 1880, kwa kuwa maji yaliwakinga na mashambulizi ya Wangoni, na meli zao zinazojulikana zilikuwa za chuma na za mvuke: Charles Janson ya mwaka 1885, kisha Chauncy Maples iliyoshushwa majini mwaka 1901. Hata Askofu Maples mwenyewe, ambaye meli hiyo ilipewa jina lake, alizama ziwani mwaka 1895 akisafiri kwa boti ya tanga. Nadhani wazee wameunganisha vyombo viwili au vitatu kuwa kimoja, maana kwetu chochote kilichokuja na padri kiliitwa cha misheni.

Mimi ningeitafuta baadaye zaidi. Meli ya abiria ya Ilala ilianza safari zake mwaka 1951, lakini ilikuwa ikitia nanga mbali na ufuko wa Likoma na abiria wakishushwa kwa boti ndogo. Na ikishaondoka, wakazi wa kisiwa, ambao kiutawala ni wa Malawi ingawa wako karibu zaidi na Msumbiji, walibaki wakitegemea vyombo vya mbao kwa safari nyingi.

Fundi boti, Itungi
Hamjambo wote. Mimi nashauri uulize mbao kabla ya kuuliza watu. Inama nyuma, pale mkuku (gogo la uti wa chini) unapokutana na shetri (sehemu ya nyuma). Ukikuta tundu la mhimili wa rafadha (pangaboi), na ndani kuna magogo mawili sambamba yenye matundu ya bolti, basi mashine ilikaa ndani. Shetri likiwa bapa na lina alama za vibano, ilikuwa mashine ya kutundika nje. Kisha angalia kama tundu la mhimili limekata taruma (mbavu za boti) au limezungushiwa kiraka, kwa sababu boti nyingi zilianza na tanga, mashine ikaja baadaye. Usikisie umri kwa ubao mmoja: mbao hubadilishwa kwa nyakati tofauti. Na tafadhali usiikwangue rangi! Lowesha zile herufi, uzitazame jua la jioni likipiga kwa ubavu. Mikwaruzo ya herufi zilizofutika huonekana.

Mwalimu wa historia, Iringa
Kwa upande wa makaratasi, sehemu kubwa ya kumbukumbu za UMCA imehifadhiwa Oxford, Uingereza, lakini ningeanza karibu, kwa kuuliza Dayosisi ya Ruvuma ya Kanisa Anglikana, kwani Liuli, iliyo kwenye mwambao huo wa kusini, iko chini yake. Wazee usiwaulize mwaka. Waulize kama boti ilikuwapo meli ya Vipya ilipozama (1946), au ilipokuja Ilala, au wakati wa Uhuru. Waulize pia nani alikuwa nahodha na mizigo ilikuwa nini, kila mmoja peke yake, wasije wakasahihishana kabla hujaandika.

Mkazi wa Matema
Nawashukuru sana. Tundu lipo, na limekata taruma moja, kwa hiyo huenda fundi amekwisha kunionyesha kwamba ilizaliwa na tanga. Nitakwenda Liuli. Wakati huo huo, mvua za Kyela mnazijua: niifunike kwa turubai?

Fundi boti, Itungi
Turubai litaivundika na kuiozesha. Jenga kibanda cha makuti kilicho wazi pande zote, uiinue juu ya magogo ili mchwa wasiipate kwa urahisi.