Dhamana kesi ya milioni 48: kila mshtakiwa anaweka nusu yote?

Nyangao_K
Wakuu, naomba ufafanuzi. Viongozi wanne wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) wakifikishwa Mahakama ya Wilaya kwa wizi wa fedha za korosho, shilingi 48,000,000, wote kwenye hati moja ya mashtaka, hakimu anapimaje ombi la dhamana? Huku vijijini inaaminika kila mmoja lazima aweke milioni 24 taslimu, na ndugu wanaanza kuuza mikorosho kwa bei ya kutupa. Wengine wanasema hata mauaji yana dhamana ukipata wakili mzuri. Lipi ni lipi?

Chikundi
Ndugu Nyangao, kabla ya kuhesabu fedha someni hati ya mashtaka, kosa kwa kosa. Kifungu cha 148(5)(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa namba za toleo la 2022, kinataja makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine. Hapo hakimu hana cha kupima, hata wakili awe nani. Kifungu hicho kilipingwa katika shauri la Dickson Sanga. Mahakama Kuu ikakiona kinakwenda kinyume na Katiba, lakini Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kwa hiyo bado kinauma.

Ndiyo maana kosa moja la utakatishaji likiongezwa chini ya lile la wizi, wote wanaotajwa katika kosa hilo wanabaki mahabusu. Kinyume chake pia ni kweli: shtaka la mauaji likibadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, mlango wa dhamana unafunguka siku hiyo hiyo.

Kama ni wizi peke yake, dhamana ipo, ila mali imezidi milioni 10, hivyo aya ya (e) ya kifungu hicho cha 148(5) inafanya kazi: nusu ya thamani iwekwe mahakamani, fedha au mali, na nusu ya pili isainiwe kama ahadi ya kulipa mshtakiwa asipofika mahakamani. Hakimu hawezi kuishusha nusu hiyo kwa huruma.

Mikindani Bandarini
Naongezea palipo na kilio kikubwa. Milioni 24 ni ya kesi nzima. Mahakama ya Rufani katika rufaa ya jinai namba 250 ya 2006, Silvester Hillu Dawi na mwenzake dhidi ya DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka), ilikubali washtakiwa wagawane. Wanne kwa milioni 24 ni milioni 6 kila mmoja, na ahadi ya milioni 6 nyingine kila mmoja. Hakimu akitamka "nusu ya thamani" bila kufafanua, wakili au mshtakiwa mwenyewe asimame palepale aombe mgawanyo uandikwe kwenye mwenendo (kumbukumbu) wa kesi. Inaniuma kuona familia inauza shamba la urithi kwa sababu hakuna aliyeuliza swali hilo.

Nyangao_K
Ahsante sana, mkuu. Na shamba lisilo na hati je?

Mikindani Bandarini
Sheria inaruhusu. Kwa mali isiyohamishika inatosha kuweka hati, na kama haipo, ushahidi mwingine utakaoiridhisha mahakama kwamba mali hiyo ipo. Hati ya hakimiliki ya kimila inasaidia sana. Kinachokwamisha ni barua ya kijiji inayosema "ana shamba la mikorosho" basi. Itaje mipaka, ukubwa, idadi ya miti, jina la mmiliki, na iambatane na tathmini ya mthamini, maana mahakama inatafuta milioni 6 na barua haina hata tarakimu moja. Shamba likiwa la wanandoa, idhini ya mwenza iwepo kwa maandishi. Na sharti hili la kuweka nusu ni la mahakamani tu. Kwa dhamana ya polisi aya ya (e) haitumiki.

Fedha taslimu zilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, mpate risiti. Asipewe mtu mkononi.

Mama Newala
Wanangu, msisahau wadhamini. Mara nyingi masharti yanatangazwa asubuhi, jioni watu wanapanda karandinga kwa sababu ya karatasi. Kitambulisho cha NIDA kinasema Athumani, barua ya mtendaji inasema Athuman Saidi: upande wa mashtaka unaomba muda wa kuhakiki, siku imeisha. Majina yalingane herufi kwa herufi, barua iwe ya mtendaji mwenye muhuri, picha ziwepo.

Masharti mawili ni ya lazima kwa kila anayepewa dhamana: kusalimisha hati ya kusafiria na kutotoka eneo analoishi. Kwa sisi tulio kando ya Ruvuma hili lina uzito, maana hoja ya kwanza ya Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ni kwamba mshtakiwa atavuka kwenda Msumbiji. Ijibuni kwa mambo yanayoonekana: makazi ya kudumu, familia, shamba. Mtu wa Tandahimba akitaka kwenda Mtwara mjini kuuguza, aombe ruhusa ya mahakama kwanza.

Chikundi
Na dhamana ikikataliwa, au masharti yakizidi yale ya sheria, uamuzi huo unaweza kupelekwa Mahakama Kuu, kwetu ni Mtwara. Ombeni nakala ya uamuzi siku hiyo hiyo. Bila sababu alizoandika hakimu, jaji hana cha kukagua.