PAYE ikipunguzwa, anayenufaika ni nani hasa?

Wakuu, Mei Mosi ikikaribia wafanyakazi huwa tuna kilio kilekile: PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, ipunguzwe. Na mimi nakatwa, kwa hiyo sipingi. Ninachotaka tubishane ni namna ya kuipunguza, maana kuna kupunguziwa na kuna kupunguziwa.

Shikeni kalamu. Mei Mosi ya 2021, pale Mwanza, Rais Samia alitangaza kiwango cha chini cha PAYE kushuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Tulipiga makofi, mimi nikiwemo. Lakini asilimia hiyo inahusu kile kipande cha mshahara kati ya 270,000 na 520,000 tu. Mwenye 300,000 anatozwa kwenye ile 30,000 iliyozidi, basi alipunguziwa shilingi 300 kwa mwezi. Maandazi mawili hivi. Kuanzia 520,000 kwenda juu, hata uwe mkurugenzi wa milioni 10, ulipunguziwa 2,500. Wa 250,000 hakupata hata senti, kwa sababu alikuwa hakatwi tangu mwanzo.

Bajeti ileile ya 2021/22 ikaleta shilingi 100 juu ya kila lita ya mafuta, tozo za miamala ya simu (kelele zikawa nyingi hadi Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30), na kodi ya majengo ikahamia kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ya LUKU ndiyo iliyonifundisha hesabu. Nilikuwa mpangaji, chumba na sebule. Nanunua umeme wa 5,000, buku imeshaliwa kabla hata uniti hazijahesabiwa. Jengo la mwenye nyumba, kodi nalipa mimi! Nilipomwomba tukatane kwenye pango, aliniuliza kama nimeshapata pa kuhamia.

Ndiyo maana nasema tuachane na asilimia, tudai kizingiti, yaani kiasi cha mshahara kisichokatwa kodi, kipandishwe. Ile 270,000 isiyokatwa imeganda hapo tangu Julai 2020. Mwaka 2025 kima cha chini serikalini kikapanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Ukiweka kando michango ya hifadhi ya jamii, PAYE ya mtu huyo imetoka 8,000 hadi 18,400. Mshahara umepanda asilimia 35, kodi imezidi maradufu. Kizingiti kikiwa 500,000, hiyo 18,400 inabaki mfukoni mwake.

Najua kuna atakayesema wa milioni mbili naye ataokota 18,400 hiyohiyo. Kweli, ila kwake haifiki hata asilimia moja ya mshahara, na madaraja ya juu yanaweza kurekebishwa kidogo ili arudishe.

Hoja inayoninyima usingizi ni nyingine. Mama lishe na bodaboda hawana PAYE. Kodi yao imejificha kwenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 na kwenye mafuta. Bodaboda anayeweka lita 4 kwa siku, ile mia peke yake ni 400, na akifanya kazi siku 30 ni 12,000. Linganisha na zile 300 tulizopigia makofi. Kwa hesabu hiyo, sisi wenye hati za mshahara tunadai unafuu wetu huku tukijiita wanyonge, na wanyonge wenyewe wako kijiweni wanasubiri abiria.

Ila kuondoa mia ya mafuta nako kuna mtego: mwenye gari kubwa la V8 anajaza lita 90, anaokoa 9,000 kwa tenki moja. Na sijawahi kupanda daladala nikaambiwa nauli imeshuka kwa sababu mafuta yameshuka.

Mimi bado naegemea kizingiti, ingawa si kwa kifua kipana kama nilivyoanza kuandika. Sasa tuseme hela iliyopo inatosha jambo moja tu: kizingiti kwenda 500,000, au ile mia kwenye lita. Wewe unachagua lipi? Njoo na hesabu ya mfuko wako, matusi yaache nyumbani.