Mrejesho: Kiyoyozi cha paa la kampa kimeacha kuvuja

Habari zenu wakuu. Niliwauliza juu ya kiyoyozi cha paani kinachodondosha maji kitandani, kampa (gari la kulala safarini) ikiwa imeegeshwa hapa Kisumu upande wa Dunga. Asante hasa kwa aliyesema nitenganishe kwanza maji ya mvua na maji ya kiyoyozi chenyewe.

Siku kavu, kiyoyozi kikinguruma, hapakudondoka kitu. Tukakizima, nikapanda na mtungi nikamwaga maji polepole kukizunguka, mama watoto akiwa ndani na tochi. Tone likatokea kona ya mbele. Basi ni gasketi, ile sponji ya kuziba maji kati ya kiyoyozi na paa.

Bolti nne zinazokibana hufikiwa kutoka ndani, ukishafungua kifuniko cha dari. Mbili zilizunguka kwa vidole! Kuzikaza tu hakukutosha, kwani sponji ilishalala upande mmoja, ngumu kama ukoko. Tukainua kifaa (msithubutu peke yenu, ni kizito), fundi wa jua kali akakwangua silikoni iliyopakwa pembeni na mwenye gari wa awali. Silikoni hiyo ndiyo iliyozuia maji yasitiririke, yakatuama karibu na tundu la paani ambamo kiyoyozi kimekaa.

Tumeweka gasketi mpya ya tundu la inchi 14 kwa 14, bolti zikakazwa kidogo kidogo kwa kupishana pembe hadi sponji ikabaki kama nusu inchi. Ukizidisha, inakufa mapema.

Mvua ya jioni imepiga, dari kavu. Mwenye dawa ya harufu ya ukungu kwenye godoro anisaidie.