Kifurushi "cha 4K" kinachoanguka kila usiku: tuandikiwe kasi ya chini, si ya juu pekee

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nafungua uzi huu kwa hasira, kwa sababu kampuni iliyonifungia intaneti hapa Chake Chake iliniuzia kifurushi cha "hadi megabiti 20 kwa sekunde" ikinihakikishia kwamba kinatosha kutazama video za 4K nyumbani, ilhali kila baada ya sala ya isha, kila nyumba inapowasha televisheni, kasi huanguka hadi megabiti 5 au 6.

Picha ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, mara nne ya Full HD, na Netflix wenyewe wanapendekeza angalau megabiti 15 kwa sekunde ili kuitazama. Kasi hiyo inatakiwa idumu muda wote. Kuifikia alfajiri peke yake hakumsaidii mtu. Ikishuka, programu hupunguza ubora wa picha yenyewe, na mteja aliyenunua televisheni kwa bei ghali huletewa picha hafifu bila ya kujua kuwa anapunjwa.

Nilipolalamika niliambiwa kosa ni la waifai na kuta za nyumba yangu. Ni kweli kuta nene hudhoofisha mawimbi, lakini vipimo nilivyowapelekea, vya asubuhi na vya usiku, nilivichukua kwa waya uliotoka kwenye ruta moja kwa moja hadi kwenye kompyuta. Kinachobadilika usiku si kuta, ni wingi wa wateja waliorundikwa kwenye njia moja.

Lililonikera zaidi ni kikomo cha gigabaiti 200 kwa mwezi, kilichoandikwa kwa herufi ndogo mwishoni mwa mkataba, ambacho ukikivuka kasi hukatwa. Baiti moja ni biti 8, kwa hivyo megabiti 15 kwa sekunde ni takriban gigabaiti 6.75 kwa saa; kikomo hicho humalizika kabla ya saa 30, yaani hata saa moja kwa siku haitimii. Huko ni kumuuzia mtu kitu ambacho mkataba wenyewe unamzuia kukitumia.

Ninachodai ni kasi ya chini kabisa ya usiku iandikwe kwenye mkataba, na kikomo kitajwe pamoja na bei. Mlioko Wete, Mkoani na Unguja, pimeni kwa waya saa tatu usiku na muweke majibu hapa, ili tuyapeleke TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, kwa pamoja.