Aliyevunja kwangu Ilomba yuko mtaani siku ya tatu tu, hii dhamana ikoje wakuu?

mama_parachichi:
Wakuu habari za jioni, naombeni mwenye uelewa wa sheria anisaidie maana tangu juzi silali. Nakaa Ilomba hapa Mbeya. Tulienda msibani Tukuyu tukalala huko, usiku wakakata nondo za dirisha la jikoni wakabeba tv, mtungi wa gesi na mabegi mawili ya vitenge vyangu vya biashara. Jumatano kijana wa mtaa huu huu akakamatwa na tv na mtungi, polisi wakambeba. Jumamosi naenda gengeni namkuta kakaa kwenye bodaboda ananiangalia! Nampigia mpelelezi ananiambia mama, dhamana ni haki yake. Na mimi je? Watu wanasema katoa hela. Kesi ndo imekufa? Nina watoto wadogo na baba yao yuko Tunduma.

msaada_sheria:
Pole sana dada. Kesi haijafa. Kuvunja nyumba usiku kifungo chake kinafika miaka 20, mchana 14, kwa hiyo ni kosa kubwa ila lina dhamana. Yasiyo na dhamana ni kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha. Angewakuta ndani akawatishia na panga wakati anaiba ingekuwa unyang'anyi wa silaha na asingetoka mpaka kesi iishe, kwako hakukuwa na mtu.

Uliza kwanza kama dhamana ni ya polisi au ya mahakama. Polisi wakimkamata mtu bila hati, ndani ya saa 24 wampeleke mahakamani au wamwachie kwa bondi aripoti siku watakayompangia huku upelelezi unaendelea. Ya mahakama inakuja akishasomewa shtaka, hapo hakimu ndo anaweka masharti, mara nyingi wadhamini wawili wenye NIDA na barua ya mtendaji, wanasaini bondi ya kiasi fulani. Watu wanasikia bondi ya milioni mbili wanajua zimelipwa pale dirishani, hapana, ile ni ahadi, akikimbia mdhamini ndo anadaiwa. Dhamana ni bure. Kama kuna mtu ameona hela inatolewa aende TAKUKURU, ila maneno ya gengeni tu usiyabebe.

Mnyalukolo_IR:
Kamwene dada, niko Kihesa Iringa. Mimi nimekaa upande wa pili, mdogo wangu alikamatwa kwa kesi kama hiyo hiyo akalala ndani siku tano, tunahangaika na barua ya mtendaji, mara hayupo mara muhuri hamna, mama halali wala hali. Baadae mali zikakutwa kwa mtu mwingine kabisa. Sisemi wako hajaiba, kakutwa na tv yako hilo ni zito, ila mahakama haijasema bado ndo maana sheria inamtoa kwanza.

kibaridi_uyole:
Dada mimi nakuambia cha kufanya. Akikutisha au akituma mtu uifute kesi, andika siku na saa na nani alikuwepo, nenda kituoni ukachukue RB nyingine, ile namba ya taarifa ya polisi, na umwambie mpelelezi, hakimu anaweza kumfutia dhamana kwa kuingilia mashahidi. Tafuta risiti ya tv na namba yake ya nyuma. Na samansi ikija NENDA, hata kama ni siku ya mnada, kesi nyingi za wizi zinafia hapo, mlalamikaji haonekani, jirani haonekani, hakimu anaiondoa. Na vijana wa mtaa wakisema wamshughulikie kataa, wakimuua mtakamatwa nyie na hiyo ndo haina dhamana.

mama_parachichi:
Ndaga fijo jamani, nimeenda leo. Dhamana ni ya polisi, anaripoti alhamisi. Aliyemdhamini ni baba yake mkubwa, mzee ninaesali nae kila jumapili, nilipokutana nae pale nje alishindwa hata kunisalimia. Jirani kakubali kuandika maelezo. Ila tv naweza kupewa? Watoto wanaiulizia

msaada_sheria:
Sio sasa hivi dada, ni kielelezo, yaani ushahidi wa kesi. Ikishaonyeshwa mahakamani omba hakimu atoe amri urudishiwe. Huyo jirani nenda nae wewe mwenyewe kesho asubuhi, asije akaghairi.