Tupeane uzoefu: wauguzi wa wodi ya mishipa ya fahamu, ni zamu gani haikutoki kichwani?

MbonoZaUsiku: Wakuu, jana kaletwa mgonjwa wa kiharusi. Nauliza mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi, ndugu wananiambia, "Tumeamka tukamkuta hivi." Muda wa saa 4 na nusu wa kuwahi ile dawa ya kuyeyusha donge la damu ulishakatika usingizini. Nimerudi nyumbani nimeshindwa kula. Leteni yenu, hasa nyie wabobezi mnaopima na kuandika dawa wenyewe.

Sindano_Butu: Hilo swali mimi nauliza watu watatu tofauti. Kuna mke aliapa ni tangu jana usiku, kajukuu kakadakia, "Mbona babu asubuhi alinifunga kamba za viatu?" Tukakimbia na kitanda.

TochiYaMfukoni: Na wenye MRI, ile mashine ya picha za ubongo, bado wanaweza kuwachagua baadhi ya hao waliokutwa hivyo asubuhi, usikate tamaa mapema. Ila SUKARI jamani! Mdomo umepinda, mkono hauinuki, kila mtu anasema kiharusi. Napima: 1.9, iko chini mno. Glukosi ikaingia, mzee akakaa kitako akaniuliza nani kamvua saa yake.

Mzoefu2: 😂😂 Yamenikuta.

KitandaNamba6: Yangu si ya kiharusi. Kijana kaletwa miguu haina nguvu, ganzi ilianzia kwenye nyayo ikapanda. Kabla ya hapo aliharisha, akapona. Kuna aliyeandika kwenye faili kwamba ni msongo wa mawazo. Nikagonga magoti kwa kinyundo, kimya. Nikamwambia vuta pumzi moja, hesabu kwa sauti mpaka ikuishie. Saa 2 usiku alifika 24. Saa 6, 15. Nikampigia daktari wa zamu, akaniuliza oksijeni ngapi. 97. "Sasa unaniamshia nini?" Jamani, oksijeni kwa Guillain-Barré, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia mishipa ya fahamu, hushuka mwishoni kabisa, misuli ya kifua ikiwa imeshachoka! Saa 8 akafika 9, na jasho kwenye mdomo wa juu, halafu mate anashindwa kumeza. Nikampita yule daktari, nikampigia bingwa moja kwa moja. Kijana akawekewa mpira na mashine ya kupumulia kabla hapajakucha. Kabla hajalazwa usingizi alikuwa amenishika kidole hiki cha shahada, na hakikubanwa, maana mkono nao ulishaanza kwenda.

MbonoZaUsiku: Akaishi??

Sindano_Butu: Usituache hapo bwana.

DaktariMpole: Kumruka daktari wa zamu si utaratibu. Na mbobezi au la, muuguzi ni muuguzi.

TochiYaMfukoni: Utaratibu ungemzika mtoto wa watu. Wewe ndiye uliyeulizwa oksijeni nini?

DaktariMpole: Simjui huyo. Nasema tu simu ina ngazi zake.

MgeniWodini: Samahani wakubwa, naanza Jumatatu. Mtu akikamatwa na kifafa naweka kijiko kati ya meno?

Mzoefu2: USIWEKE KITU.

Babu_wa_Kota: Sisi tuliweka vijiko miaka yote, na walipona.

Mzoefu2: Kifafa kilipita chenyewe, shikamoo babu. Meno yalirudi? Mgeni, mlaze ubavu, tazama saa. Zikifika dakika 5 hakijakoma, dawa iingie, usisubiri.

Sindano_Butu: Na fenitoini, dawa ya kifafa, usiichanganye na dripu ya glukosi, inaganda. Tumia dripu ya chumvi. Mimi niliona chembe nyeupe kwenye mrija nikadhani macho yangu.

TochiYaMfukoni: Mgonjwa wa kiharusi asipewe hata kijiko cha maji kabla hujampima kumeza. Ndugu wanakuja na chai, simama mlangoni kama askari.

Babu_wa_Kota: Marahaba. Usiwafukuze ndugu, wao ndio wanajua alikuwaje jana.

TochiYaMfukoni: Sijasema wafukuzwe, nimesema chai!

MgeniWodini: Na usiku mnafanyaje usingizi usiwashike?

Mzoefu2: Kahawa.

Sindano_Butu: Usinywe kahawa, mikono itatetemeka ukipima mgonjwa wa Parkinson, mtafanana.

MbonoZaUsiku: KitandaNamba6 uko wapi wewe?

KitandaNamba6: Nilikuwa nakabidhi zamu. Aliishi. Wiki kadhaa kwenye mashine, halafu mazoezi ya viungo miezi. Alikuja kliniki kwa fimbo, hakunitambua sura, mpaka nilipomwambia hesabu. Alifika 31 akaanza kukohoa kwa kicheko. Yule daktari sasa kila akiwa zamu ananiuliza, "Leo wamehesabu ngapi?"

DaktariMpole: Hamjambo, mimi nalala.